Mmetumwa na Nani?

Mwaka jana nililipwa kwa siku nane kufundisha watu demokrasia. Mia nane kwa siku, chakula cha mchana juu yao, na fulana nyeupe yenye maandishi kifuani ambayo mpaka leo naivaa siku ya kufua. Siku nne Kibera, siku nne Kawangware. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unaingia ploti baada ya ploti, unaomba watu dakika kumi, unawaambia Kifungu cha 1 cha Katiba kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, unauliza kama wamejiandikisha kupiga kura, unaweka alama kwenye fomu, unaenda mlango unaofuata.

Sikuwa na shahada ya kufundisha mtu chochote. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipomshinda mama na mimi nikachoka kujifanya itapatikana. Tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, barua za kuomba kazi za watu wengine, hotuba ya harusi mara moja. Kwa hivyo niliposikia kuna shirika linatafuta vijana wa mtaa wanaojua kuongea, sikuuliza mengi. Rent ilikuwa inakaribia.

Siku ya sita, Kawangware, nyuma ya stage ya 46, nilimpata mzee ameketi nje ya nyumba ya mabati akichambua maharagwe kwenye sinia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawafanyi. Halafu akauliza, "Sawa, kijana wangu. Na nyinyi mmetumwa na nani?"

Nikamtajia jina la shirika.

"Hilo ni jina. Nimeuliza ni nani amewatuma."

Nikamwambia pesa zinatoka kwa wafadhili, nje. "Nje wapi?" Nikataja nchi. Akacheka, si kwa ubaya, akarudi kwa maharagwe yake. Kisha akaniambia, bila kuinua macho, kwamba baba yake alipiga kura hapo Dagoretti mwaka wa 1957, kwa sababu alikuwa na karatasi. Ndugu ya baba yake hakupiga, kwa sababu alikuwa Manyani, kizuizini.

"Hiyo pia iliitwa demokrasia," akasema. "Na waliotuletea walikuwa na nguo safi kama yako."

Niliweka alama kwenye fomu nikaondoka. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani na halijatoka. Mzee hakuwa anauliza habari za shirika. Alikuwa anauliza hivi: demokrasia ikiletwa na mwenye nguvu, akiwa bado ameshikilia nguvu zake mkononi, inaweza kuwa yangu kweli? Ama nitakuwa mpangaji ndani yake siku zote, nikilala kwa hisani ya mwenye ploti?

Kabla ya kutumwa mitaani tulipewa mafunzo ya siku moja, na mkufunzi wetu alikuwa na jibu tayari. Alitupigia picha mbili ukutani: Tokyo iliyoungua mwaka wa 1945, na Tokyo ya leo, taa kila mahali. "Demokrasia inaweza kujengwa popote," akasema. "Hata Japani ilijengewa." Tukapiga makofi, tukapewa soda. Ni baada ya kukutana na yule mzee ndipo nilirudia lile neno, ilijengewa, nikaanza kusoma. Usiku, kwa simu, bando zikiniishia katikati ya sura.

Japani ilisalimu amri Agosti 1945, baada ya mabomu mawili ya nyuklia, na baada ya vita ambavyo watawala wake wenyewe walikuwa wamevipeleka China na sehemu kubwa ya Asia. Jeshi la Marekani likaingia chini ya Jenerali Douglas MacArthur na likatawala mpaka Aprili 1952. Serikali ya Japani iliambiwa itengeneze katiba mpya. Rasimu yake ilikuwa ya kupaka rangi ukuta wa zamani, na mapema Februari 1946 MacArthur akaamuru maofisa wake waandike nyingine. Watu ishirini na kitu, siku tisa hivi, kwa siri.

Mmoja wao alikuwa Beate Sirota, msichana wa miaka 22 aliyelelewa Tokyo na aliyekijua Kijapani vizuri. Ndiye aliyeandika rasimu ya kile kilichokuja kuwa Kifungu cha 24: ndoa ni kwa ridhaa ya wawili, na mume na mke wana haki sawa. Hebu fikiria. Kuna mwanamke mahali fulani Japani anayeozwa kwa amri ya baba yake, na haki yake ya kukataa inaandikwa na mgeni mdogo kuniliko mimi, ndani ya ofisi ya jeshi lililoshinda vita.

Aprili mwaka huo wanawake wa Japani walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu, na 39 wakaingia bungeni. Katiba ilianza kazi tarehe 3 Mei 1947. Mpaka leo haijawahi kurekebishwa hata neno moja.

Ukikomea hapo, mkufunzi wetu ameshinda. Lakini kuna mambo hayakuwa kwenye zile picha. Jeshi lilelile lililoandika uhuru wa kusema lilikuwa na ofisi ya kuchuja magazeti, na gazeti halikuruhusiwa hata kutaja kwamba linachujwa. Wafanyakazi waliruhusiwa kuunda vyama. Walipopanga mgomo wa nchi nzima wa tarehe 1 Februari 1947, MacArthur akaupiga marufuku siku moja kabla. Wakorea na Wataiwani waliokuwa wakiishi Japani waliondolewa haki ya kupiga kura na marekebisho yaleyale ya sheria yaliyowaingiza wanawake. Okinawa ilibaki chini ya Marekani mpaka 1972. Na mwaka wa 1951, MacArthur akiwa amerudi kwao, aliwaambia maseneta kwamba kwa kipimo cha ustaarabu wa kisasa Wajapani ni kama mvulana wa miaka kumi na miwili.

Hapo niliweka simu chini. Hiyo lugha ya mvulana naijua. Ndiyo iliyotumika hapa kwetu.

Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, wakakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawasafirisha kwenda kambi za Langata, Manyani na Mackinnon Road. Huko mashambani zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa kwenye vijiji vya kulindwa. Na katikati ya hayo yote, serikali ileile ilikuwa inatujengea demokrasia. Mwaka wa Anvil ndio mwaka wa Katiba ya Lyttelton, iliyoleta waziri wa kwanza Mwafrika. Miaka mitatu baadaye, Machi 1957, Hali ya Hatari ikiwa bado ipo, Waafrika walichagua wawakilishi wao kwenye Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza.

Masharti ya kura hiyo yanafaa kusomwa polepole. Kura ilitolewa kama alama za mtihani. Una elimu ya kiwango fulani, unahesabiwa. Una mapato au mali ya kiasi fulani, unahesabiwa tena. Umetumikia serikali miaka mingi, unaongezewa. Mtu mmoja angeweza kuwa na kura tatu, na jirani yake asiwe na hata moja. Na ukiwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, kabla hata ya kuhesabiwa alama, ulihitaji cheti cha uaminifu, karatasi ya serikali ya kuonyesha kwamba hukuwa upande wa Mau Mau. Vyama vya nchi nzima vilikuwa haramu. Chama kiliishia kwenye mpaka wa wilaya, na katika Mkoa wa Kati hata hicho hakikuruhusiwa.

Sasa weka hii mitaa yetu miwili kwenye ramani ya wakati huo. Kawangware haikuwa jiji. Ilikuwa upande wa Dagoretti, nchi ya Wakikuyu, na mtu wa hapo bila karatasi hakuwa mpiga kura, alikuwa mshukiwa. Kibera, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ilikuwa ya Wanubi: watoto na wajukuu wa askari Wasudani wa King's African Rifles, waliowekwa kwenye ule msitu mwanzoni mwa karne kama shukrani ya kazi ya bunduki. Mnubi hakuulizwa cheti cha uaminifu. Lakini hakuwa na hati ya ardhi aliyolalia, na hakupewa. Ekari elfu nne na ushei zilikatwakatwa miaka yote iliyofuata, na hati ya pamoja waliyokuja kupewa mwaka wa 2017 ilikuwa ya ekari 288. Kwa hivyo mmoja alinyimwa kura mpaka athibitishe yuko upande wa nani. Mwingine alijulikana yuko upande wa nani, na bado hakuwa na pa kusimama.

Hiyo ndiyo demokrasia yenye nguo safi. Nikimfikiria baba ya yule mzee akitembea kwenda kupiga kura na karatasi yake mfukoni, na ndugu yake akiwa nyuma ya seng'enge kule Manyani, sijui nimwiteje. Msaliti ni neno rahisi kwa mtu wa kizazi changu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo usiku na homugadi mlangoni.

Rafiki yangu wa Makina, Mnubi, ambaye tulifanya naye kazi siku zile nane, ana msimamo wake. Nilimsomea haya yote tukinywa chai pale Toi. Akasema, "Buda, sufuria ikiwa na sumu, hata ukibadilisha mpishi utakufa tu." Kwake yeye haya si mambo ya vitabu. Alipoenda kutafuta kitambulisho aliwekwa mbele ya wazee waliomuuliza babu yake alizaliwa wapi, wakati wenzake wa darasa walikuwa wamechukua vyao wakaenda. Mwaka wa 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto Wanubi kwa kuwaacha bila uraia unaoeleweka. Uamuzi huo upo. Yeye alisubiri hata hivyo. "Waliotuleta hapa walitupa bunduki bila shamba," anasema. "Waliokuja baada yao wakatupa kura bila kitambulisho. Mimi nimalizane nao."

Namheshimu, lakini siwezi kukubali hoja yake yote. Tukiangalia chanzo peke yake, hakuna kitu kitakachobaki mikononi mwetu. Hiki Kiswahili ninachokiandika kilipelekwa bara na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kisha kikaenezwa na kambi za askari, wakiwemo hao babu zake. Hakuna anayeniambia nikiteme. Tumekichukua, tumekikunja, tumekizalia Sheng, na leo Mwingereza akitaka kukiongea ni sisi tunaomcheka.

Tena huyo mwenye kuleta husema uongo kuhusu alichokikuta. Wajapani hawakuwa watoto wa miaka kumi na miwili. Mwaka wa 1881 wanakijiji wa Itsukaichi, milimani magharibi mwa Tokyo, walikuwa wameshaandika rasimu yao ya katiba yenye haki za raia. Ilikaa kwenye ghala kuukuu mpaka ilipogunduliwa mwaka wa 1968. Desemba 1945, kabla ya MacArthur kuamuru chochote, kikundi cha wasomi wa Kijapani kilitangaza rasimu yake, na maofisa wa Marekani waliisoma. Kifungu cha 25, kile kinachosema kila mtu ana haki ya kuishi maisha yenye afya na heshima, kiliongezwa na wabunge wa Japani wenyewe. Hapa kwetu pia, Machi 1922, watu walijazana nje ya kituo cha polisi Nairobi wakidai Harry Thuku aachiliwe, wakapigwa risasi. Hakuna aliyewafundisha kifungu cha kukusanyika. Walikusanyika.

Mkufunzi naye ana hoja yake: matokeo ndiyo yanayohesabika. Wajapani wanapiga kura, wanawake wana haki, yaliyopita si ndwele. Hii ndiyo hoja inayoniogopesha zaidi, kwa sababu inasikika ya busara. Lakini mpangaji anayelipa vizuri katika nyumba nzuri bado ni mpangaji. Akipewa notisi atatoka. Kama haki zangu ni nzuri kwa sababu tu aliyenipa ana moyo mzuri, siku moyo wake ukibadilika sina la kumwambia.

Kwa hivyo nimejitengenezea kipimo changu, nacho ni hiki. Kitu nilichopewa na mwenye nguvu kinakuwa changu siku nitakapokitumia kumkatalia yeye mwenyewe, na akashindwa kukirudisha mfukoni. Kabla ya hapo ni mkopo.

Pima 1957. Waafrika wanane walichaguliwa chini ya yale masharti ya aibu. Nairobi alishinda Tom Mboya, miaka 26, katika jiji ambalo maelfu ya watu wake walikuwa kambini. Alimshinda Argwings-Kodhek, wakili aliyewatetea washukiwa wa Mau Mau. Wengine walikuwa Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Bernard Mate, James Muimi na Daniel arap Moi. Serikali ilitarajia wanane hao waingie, wakae, washukuru, mmoja au wawili wachukue uwaziri. Walikataa uwaziri wote. Wakasema Katiba ya Lyttelton, ileile iliyowapa viti, imekufa. Mwaka uliofuata Odinga alisimama ndani ya Baraza akasema Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa watu, jambo ambalo nje ya ukumbi ule lingekupeleka pabaya. Mlango uliofunguliwa kidogo ili mtu apite kwa adabu, wao waliusukuma kwa bega.

Je, kura za watu wenye karatasi zilikuwa kura chafu? Zilikuwa chafu. Na ndizo zilizoingiza ndani watu waliozikataa karatasi zenyewe. Sina namna ya kuisafisha sentensi hiyo.

Pima Japani. Mwaka wa 1960 serikali ilitaka kupitisha mkataba mpya wa usalama na Marekani, yaani na yuleyule aliyeandika katiba. Mamia ya maelfu ya watu walilizunguka bunge wiki baada ya wiki, wakitumia haki ya kukusanyika iliyoandikwa na jeshi la mgeni. Tarehe 15 Juni wanafunzi waliingia kwenye uwanja wa bunge, na mmoja wao, Kanba Michiko, msichana wa chuo kikuu, akafa hapo. Mkataba ulipita. Lakini ziara ya Rais Eisenhower ilifutwa, na Waziri Mkuu Kishi akajiuzulu. Mimi naona hapo ndipo ile karatasi ya siku tisa ilipopata wenyewe.

Juni, bunge, vijana, maiti. Sihitaji kukuambia nimefikiria nini.

Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa mjini. Sitajifanya shujaa, nilikuwa Moi Avenue, nikakimbia gesi kama wengine, nikapoteza kiatu kimoja. Bungeni walikuwa wamepitisha Mswada wa Fedha, watu wakaingia, risasi zikapigwa, kuna wasiorudi nyumbani. Siku iliyofuata rais akasema hatautia saini. Tulikuwa tumebeba Kifungu cha 37 kwenye simu na kwenye mabango. Katiba ya 2010 haikuandikwa na mkoloni, tuliipigia kura. Lakini mtu aliyezaliwa kama mimi mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakuipigia. Niliikuta, kama Mjapani wa 1960 alivyoikuta ya kwake. Siku ile ndiyo nilihisi mara ya kwanza kwamba haya maneno yananihusu, na ni kwa sababu aliyeapa kuyalinda alikuwa anatumia bunduki kuyazuia.

Lakini kipimo changu kina sehemu ya pili, na hapo ndipo Kenya hukwama. Kukatalia ni nusu. Nusu nyingine ni yeye kushindwa kukirudisha mfukoni.

Angalia walivyoishia wale wanane. Mboya alipigwa risasi mjini Julai 1969. Odinga, aliyelitaja jina la Kenyatta wakati halikutajika, aliwekwa kizuizini mwaka huohuo na serikali ya Kenyatta, bila kesi, kama vile mkoloni alivyowaweka watu Manyani. Moi akawa rais, na mwaka wa 1982 bunge likaandika kwenye katiba kwamba chama ni kimoja, mpaka kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991. Katiba ya uhuru, iliyojadiliwa kwa miaka mitatu Lancaster House na Waafrika wenyewe wakiwa mezani, ilikatwakatwa kabla ya watoto waliozaliwa na uhuru kuanza shule. Ile ya siku tisa ya Wajapani imesimama. Kama chanzo ndicho kinachoamua, ingekuwa kinyume.

Tofauti moja naiona kwenye udongo. Japani, jeshi la nchi lilivunjwa, na mashamba ya makabaila yakanunuliwa kwa lazima yakauzwa kwa bei ndogo kwa waliokuwa wakiyalima. Kabla ya hapo karibu nusu ya ardhi ya kilimo ililimwa na wapangaji; kufikia 1950 ilikuwa kama sehemu moja ya kumi. Mtu mwenye shamba lake anaweza kumkatalia chifu. Kwetu, mpango wa Swynnerton wa 1954 uliunganisha mashamba na kutoa hati wakati wenye mashamba wengi wako kizuizini, na walionufaika zaidi ni waliokuwa na karatasi. Uhuru ulipofika, kura ilifika kwa wote lakini udongo ulikuwa umeshagawanywa.

Na bunduki haikuvunjwa, ilibadilisha mkono. D.C. alibaki, D.O. alibaki, chifu alibaki na sheria yake ya 1937. Katiba ya 2010 iliipa serikali miaka mitano kuupanga upya utawala wa mikoa uendane na ugatuzi. Chifu yupo. Kibera ukitaka barua ya kuthibitisha unaishi unapoishi, unajua unaenda wapi. Jenga choo, rekebisha bati, kuna mtu wa kuonwa kwanza. Watu wengi tuliowafundisha Kifungu cha 1 walinisikiliza kwa adabu, wakisubiri nimalize, kwa sababu wanajua mamlaka ya hapo mtaani yanakaa nyumba ya ngapi. Nani atamkatalia mtu anayeweza kumwondoa kesho asubuhi? Demokrasia bila pa kusimama inakuwa kitu cha siku moja kila miaka mitano, na siku hiyo tumeiona: Toi ikiungua baada ya uchaguzi wa 2007, Kawangware ikiwaka Oktoba 2017, mpangaji akimchomea mpangaji mwenzake nyumba ya mtu wa tatu asiyeishi hapo.

Sasa niseme kitu ambacho sikukiandika kwenye fomu yoyote. Zile siku nane zote, nikiuliza milango zaidi ya mia mbili kama wamejiandikisha, mimi mwenyewe sikuwa nimejiandikisha. Nilikuwa na sababu zangu, karibu zilezile za rafiki yangu wa Makina. Naona aibu zaidi kwa hilo kuliko kwa pesa za wafadhili.

Nilirudi kwa mzee baada ya miezi, Jumapili, bila fulana. Alikuwa palepale. Hakunikumbuka mpaka nilipomtajia swali lake. Nikamwambia siku ile nilitumwa na wenye pesa, na sikujua hata mimi nilikuwa nasema nini. Nikamweleza ya Japani, ya yule msichana wa miaka 22, ya Odinga kwenye Baraza. Alisikiliza. Akauliza kama Wajapani walirudishiwa mashamba, nikamwambia ndiyo, wengi. Akanyamaza kidogo.

"Baba yangu na ndugu yake hawakuongea tena," akasema. "Walikaa shamba moja miaka ishirini. Uchaguzi wa 1963 walienda wote wawili, kila mtu na njia yake. Hiyo ya pili hawakuulizwa karatasi."

Nikamuuliza, ya kwanza na ya pili, ni ipi iliyokuwa yao.

"Wewe umejiandikisha?" akanijibu.

Nilienda wiki iliyofuata. Foleni fupi, vidole kwenye mashine, picha, kikaratasi. Rafiki yangu wa Makina hajaenda, na sijamsukuma. Ana haki ya kusubiri nchi imkubali kwanza. Mimi nimekubali mkopo. Nimeuweka ndani ya Biblia ya mama, mahali ambapo hakuna anayefungua, na nasubiri siku ya kumkatalia mtu nao.